Njia ya Mashindano na Msafiri wa Peke Yake

Njia hufanana kwa macho, lakini haifanani kwa miguu. Barabara moja huwa fupi kwa mtu anayesindikizwa na ndefu kwa mtu aliye peke yake. Huwa bustani kwa aliyeshiba na jangwa kwa mwenye njaa. Kweli hii ni nyepesi kutamka, lakini husahauliwa upesi na mtu aliyekaa mbele ya ramani ya Ufaransa, kalamu mkononi, akikusudia kupita juu ya baiskeli yake mahali walipopita washindani wa Tour de France.

Kusudi lake halina lawama. Mashindano hayo yalianza mwaka 1903, na uwanja wake ni barabara za watu wote. Mpenzi wa kandanda hawezi kuingia katika uwanja mkubwa akacheza apendavyo, lakini mpenzi wa baiskeli aweza kupanda mlima wa mabingwa siku yoyote barabara inapokuwa wazi, wala hadaiwi kiingilio. Njia ya kila mwaka aghalabu hutangazwa mwezi wa Oktoba wa mwaka uliotangulia, basi mwenye nia ana majira yote ya baridi ya kuitazama. Hapo ndipo mtihani wake unapoanza. Ramani humwonyesha mahali palipopitwa. Haimwonyeshi yule aliyepita alikuwa na nini, wala alifuatwa na nani.

Mfano bora ni njia ya mwaka 1910, mashindano yalipopelekwa kwa mara ya kwanza katika vilele virefu vya milima ya Pyrenees. Kwa siku moja washindani walitoka Luchon mpaka Bayonne, kilomita 326, wakavuka Peyresourde, Aspin, Tourmalet yenye kimo cha mita 2,115, na Aubisque. Mshindi, Octave Lapize, alitumia saa zipatazo 14. Msafiri wa peke yake mwenye busara huigawa siku ile katika siku nne au tano. Siku ya kwanza huvuka Peyresourde na Aspin akalala Sainte-Marie-de-Campan. Siku ya pili huipa Tourmalet heshima yake, akashukia Luz-Saint-Sauveur. Siku ya tatu huvuka Aubisque mpaka Laruns. Na zilizobaki huelekea baharini. Kugawa hivi si woga. Lapize alikuwa akishindana na watu. Msafiri hana mtu wa kumshinda, ila ana mtu mmoja wa kumlinda, naye ni nafsi yake.

Hesabu ni rafiki mkweli wa safari ya namna hii. Kutoka Sainte-Marie-de-Campan mpaka kilele cha Tourmalet ni kilomita 17, na kila mita 100 za barabara huinuka mita 7 na zaidi. Mtu na baiskeli yake wakiwa na uzito wa kilo 80, mzigo wa kilo 10 huongeza kazi ya kupanda kwa sehemu moja ya nane. Kwa hiyo kila shati hupimwa kama dhahabu, na gia nyepesi hutafutwa kabla ya safari, maana haipatikani katikati ya mlima. Hewa nayo hupoa kwa kadiri ya digrii 6 kwa kila mita 1,000 za kimo. Aliyetoka kijijini katika joto hufika kileleni amelowa jasho katika baridi, na mpanda ngazi hushuka: koti analolionea uzito wakati wa kupanda ndilo litakaloizuia mikono yake isife ganzi juu ya breki wakati wa kushuka. Theluji hufunga barabara hiyo wakati wa baridi, na kwa kawaida haifunguliwi mpaka mwisho wa Mei au mwezi wa Juni. Tarehe, basi, ni sehemu ya njia kama lilivyo daraja.

Lakini hesabu haimalizi jambo. Msafiri hana budi kuchagua atamfuata mshindani yupi, kwa kuwa si wote waliopita kwa hali moja. Mwaka 1913 Eugène Christophe alikuwa akishuka Tourmalet, tumaini la ushindi likiwa naye, uma wa mbele unaoshika gurudumu ukavunjika. Sheria ilimkataza msaada wa mtu yeyote. Akaibeba baiskeli begani, akaenda kwa miguu zaidi ya kilomita 10 mpaka Sainte-Marie-de-Campan, akaingia katika karakana ya mhunzi, akafua chuma kwa mikono yake mwenyewe mbele ya macho ya wasimamizi. Alipomaliza aliadhibiwa kwa kuongezewa dakika, kwa sababu mtoto mmoja alikuwa amemvukutia moto. Hakushinda mashindano hayo mwaka ule, wala mwaka mwingine wowote.

Miaka 103 baadaye, mwaka 2016, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa akipanda Mont Ventoux katika nchi ya Provence. Mlima huo alikuwa ameshinda juu yake mwaka 2013. Safari hii umati uliziba njia, pikipiki ikasimama, washindani wakaigonga, na baiskeli yake ikaharibika. Akakimbia kwa miguu kupanda mlima, akingojea gari la kumletea baiskeli nyingine. Waamuzi walimrekebishia muda wake, akabaki na fulana ya njano. Hapana aibu katika hayo. Ndiyo desturi ya mashindano ya siku hizi. Ila msafiri wa peke yake na aulize: gurudumu langu likivunjika, gari litatoka wapi? Jibu lake humweka upande wa Christophe. Kwa hiyo hujifunza kuziba tairi na kuunga mnyororo angali nyumbani, hubeba pampu na mpira wa ndani wa akiba, na huandika katika mpango wake vijiji vyenye maji, duka na fundi, kama nahodha anavyoandika bandari.

Mlima huo wa Ventoux una somo jingine, nalo ni zito. Tarehe 13 Julai 1967 Tom Simpson wa Uingereza alianguka katika joto kali karibu na kilele. Akapandishwa tena juu ya baiskeli, akaenda kidogo, akaanguka tena, akafariki akiwa na umri wa miaka 29. Mwilini mwake zilikutwa dawa za kusisimua. Jiwe la ukumbusho limesimama mahali hapo, na wapitao huacha vitu vidogo chini yake. Kwa mwenye kupanga safari, jiwe hilo lina amri moja: kila siku iwe na mahali pa kukata shauri la kurudi, palipochaguliwa kabla kiu na majivuno havijapata sauti. Mpango usio na ruhusa ya kushindwa ni mtego uliochorwa kwa wino.

Katika jambo moja, hata hivyo, msafiri amembarikia Christophe bahati asiyokuwa nayo. Hakuna msimamizi anayemwandikia dakika. Akikwama mlangoni pa mtu, aweza kuomba maji, kivuli, nyundo au mkono, naye asipungukiwe kitu. Mpango mwema, basi, hauzijazi saa zote. Huacha nafasi kwa mvua, kwa uchovu, na kwa mtoto wa kijijini atakayependa kuuvukuta moto.