Kijitabu cha mfukoni kilivyoniokoa kwa nesi Mongolia

Kabla ya safari ya Mongolia nilinunua kijitabu cha mazungumzo cha Kiingereza na Kimongolia kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, Dar es Salaam. Kilikuwa kidogo kama kadi ya kliniki ya mtoto.

Ndani ya ndege nilikariri yale ambayo kila msafiri hukariri. "Sain baina uu" ni salamu, "bayarlalaa" ni asante, na "ene yamar ünetei ve" ni kuuliza bei. Ukurasa wa magonjwa niliuruka, mimi ninayeandika habari za afya kila wiki!

Ulaanbaatar nilijiona mjanja. Sauti ya "kh" haikunisumbua, kwa kuwa ni ile ile ya "kheri". Zaidi nililipenda neno "za". Wenyeji hulitumia kila mara, kama sisi tunavyosema "haya" au "sawa". Nami nikawa naitikia "za, za" kwa kila nilichoambiwa.

Siku ya nne tulielekea magharibi kuona Kharkhorin, palipokuwa mji mkuu wa dola ya Wamongolia karne ya 13. Njiani tulikaribishwa kwenye ger, lile hema la duara la wafugaji. Nilipokea chai ya maziwa yenye chumvi kwa mkono wa kulia, kama nilivyofundishwa nyumbani. Lakini kila nilipomeza, koo liliniwaka. Jioni nikawa na homa.

Dereva alinishusha kwenye kituo cha afya cha mji mdogo, akaenda kutafuta mafuta. Nikabaki na nesi wa makamo, mpole, asiyejua Kiingereza.

Nilishika shingo nikasema, "Khool." Akacheka, akaniashiria kula. Kumbe "khool" ni chakula. Koo ni "khooloi". Nikafungua ukurasa ule niliouruka, nikasoma polepole: "Khooloi övdöj baina." Koo linauma. Akanielewa, akanimulika kooni, akanipima joto.

Kisha akauliza kitu. Nikajibu, "Za, za." Akauliza tena, safari hii akinitazama machoni. Nikatabasamu na kutikisa kichwa kuitikia. Alikuwa ameshatoa bomba la sindano, lakini akaliweka mezani. Akachukua kijitabu changu, akapekua, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Pembeni yake, kwa Kiingereza, kulikuwa na neno aleji.

Mwili ulinisisimka. Mama hunisimulia jinsi nilivyovimba uso na kukosa pumzi nikiwa mdogo baada ya sindano ya penisilini. Kila hospitali ya nyumbani nalitaja hilo kabla sijakaa. Pale nilikuwa nimeitikia tu ili nisionekane mjinga.

Nikaonyesha neno "kharshil", yaani aleji, nikasema, "Penisilini." Akarudia taratibu, nikaitikia, na sasa nilijua ninachokiitikia. Akarudisha sindano, akanipa vidonge vya aina nyingine. Baada ya siku tatu nilikuwa mzima.

Tangu hapo nakitazama kijitabu kwa jicho jingine. Nilidhani kazi yake ni kunisaidia kusema, kumbe kitabu kinaweza kukupa swali, lakini jibu likija kwa kasi ya mwenyeji huambulii kitu. Mpe naye akishike, aonyeshe kwa kidole. Kwa hiyo ukinunua, chagua chenye maandishi ya wenyeji pamoja na matamshi. Kimongolia huandikwa kwa herufi 35 za Kisirili, na kama chako kina herufi zetu peke yake, nesi hatapata pa kuweka kidole.

Anza na ukurasa wa magonjwa. Kimongolia chenyewe kinakurahisishia: "em" ni dawa, "emch" daktari, "emneleg" hospitali, "emiin san" duka la dawa. Gari la wagonjwa ni namba 103.

Pia, siku ya kwanza, mwombe mhudumu wa hoteli akuandikie kwa lugha yao, kwenye jalada la ndani, dawa unazotumia na zile zinazokudhuru. Kama unasafiri na mtoto au mzazi mwenye kisukari, andika na zao.

Na usipoelewa, usiitikie. Nilipomsimulia mama kwenye simu, alinyamaza kwanza. Kisha akasema, "Huyo nesi mwombee dua."