Nyimbo za Kanisani, toka Mbinga hata Ziwa Nyasa

Msafiri atokaye Songea kwenda Mbinga hupita Kigonsera, ambako Wabenediktini walianzisha misheni mwaka 1899. Afikapo Mbinga, yumo katika nchi ya Wamatengo, nchi ya vilima, ya kahawa, na ya mashimo ya ngoro yachimbwayo kwa ustadi ili mvua isichukue udongo. Toka hapo njia yashuka kilometa 66 hata Mbamba Bay, na baridi ya milimani yageuka joto la ziwani. Huku watu walima, kule wavua samaki; lakini siku ya Bwana wote waulizana neno moja: Tuimbe nini kanisani?

Wazee wasema, “Tushike nyimbo za kale.” Vijana wasema, “Tuimbe mpya, kwa kinanda cha umeme.” Kabla ya kuwaamua, na tutazame zilikotoka hizo za kale.

Wabenediktini walileta Misa ya Kilatini na uimbaji wa Gregori. Pwani ya ziwa Waanglikana wa UMCA walitangulia. Liuli lipo kaburi la Padre William Percival Johnson, aliyefariki mwaka 1928 baada ya kuwatumikia watu wa ziwa zaidi ya miaka 40. Maneno ya nyimbo yalifasiriwa, bali sauti zake nyingi zilikuwa za Ulaya. Basi nyimbo tuziitazo za kale zilikuwa mpya kabisa masikioni mwa babu zetu. Iliyokuwa ya kale ni ngoma, nayo ilibaki nje ya mlango. Kwani mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi alikataza kanisani vyombo vya kelele, akaitaja ngoma pamoja navyo.

Walimu watambue jambo moja. Kiswahili hukaza silabi ya pili toka mwisho: twasema “Mwokozi” kwa kukaza “ko”. Wimbo uliotungwa kwa lugha nyingine mara nyingi hukaza silabi ya mwisho, na neno letu hupindika. Mtoto huimba asielewe, naye Mtume Paulo awaagiza Wakorintho waimbe kwa roho na kwa akili pia.

Wala si kwamba sauti ya kigeni haiwezi kuwa yetu. Watazameni wachezaji wa mganda huko ziwani: mwendo wao wafuata bendi za askari, lakini wapuliza vibuyu vyenye utando wa buibui, na hakuna aambiwaye kwamba acheza ngoma ya wageni. Watu wameichukua, wakaifanya yao.

Kanisa nalo lilikumbuka hayo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima katika ibada. Mwaka huohuo Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alitoa kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Ngoma ikaingia, na pamoja nayo desturi yetu ya mmoja kuanza na wote kuitikia. Desturi hiyo si ngeni kwa Kanisa. Zaburi zimeimbwa hivyo tangu zamani, na asiyejua kusoma huimba sawasawa na msomi.

Basi hatari ya leo ni ipi? Si upya wa wimbo. Ni pale kipaza sauti kinapowazidi watu, kwaya ikaimba peke yake, na Wakristo wakaketi kama watazamaji wa harusi ya jirani. Wimbo wa kale nao, ukiimbwa na wachache wanaoujua, huwanyamazisha wengine vilevile.

Ndugu mwalimu, kabla ya kuleta wimbo, uupime hivi: Je, bibi asiye na kitabu ataweza kuitikia ufikapo ubeti wa tatu? Je, maneno yasikika kama tuyasemavyo nyumbani? Je, kinanda kikinyamaza, watu wataendelea kuimba? Ukijibu ndiyo, uimbeni, uwe wa kale au wa jana. Nanyi wazazi, fundisheni nyumbani jioni wimbo mmoja wa babu na mmoja wa vijana, ili Jumapili asiwepo katika nyumba yenu aliye bubu mbele ya Mungu.