Ardhi Isiyo na Lango: Matembezi Katika Viwanja vya Gofu vya Umma Uskoti



Marehemu babangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alibeba mikoba ya wacheza gofu kwa zaidi ya miaka 30 katika uwanja mmoja hapa pwani. Aliujua uwanja ule kama mtu aujuavyo uga wa nyumba yake: namna upepo wa kusi unavyousukuma mpira, namna nyasi zinavyolala baada ya mvua za masika, na mahali ambapo mpira ukiingia vichakani haufai kutafutwa tena. Wachezaji walimwuliza yeye kabla ya kupiga. Lakini yeye mwenyewe alipiga Jumatatu tu, baada ya sala ya Alfajiri, kwa fimbo ya kuazima, kabla wenyewe hawajafika. Sisi wanawe tulisimama nje ya ua tukimtazama kupitia matundu ya waya. Kwake yeye nilijifunza mchezo huu. Na kwa ule ua nilijifunza kwamba gofu ni mali ya watu wengine.

Nilipokuwa mtu mzima, kazi ikaniwezesha, nami nikaanza kucheza. Wengi mnaonifahamu mmekwisha kuzoea kuniona nikitoka asubuhi na suruali yangu pana, kanzu ifikayo magotini na mtandio uliofungwa barabara. Hata hivyo, kila nilipopita langoni nilihisi kama mgeni aliyekaribishwa kwa huruma. Ndipo Juni iliyopita kakangu, anayefanya kazi Edinburgh, alipotualika mimi na binti yangu wa miaka 11. Aliniambia kwa simu, "Dadangu, njoo uone. Huku gofu huchezwa mahali ambapo watu hupita wakienda sokoni." Nilidhani ananitania.

Hakuwa akitania. Siku ya pili tangu tufike tulisali Adhuhuri katika Msikiti Mkuu wa Edinburgh, uliofunguliwa mwaka 1998 karibu na chuo kikuu, kisha tukatembea kwa miguu hadi Bruntsfield Links. Hapo pana bustani kubwa ya wazi, haina ukuta wala mlinzi. Ndani yake mna mashimo mafupi ya gofu, 36 wakati wa kiangazi, na kucheza hakulipiwi hata senti. Anayekuja na fimbo na mpira wake hucheza. Wanafunzi walikuwa wamelala nyasini na vitabu vyao, akina mama walisukuma vigari vya watoto, na mzee mmoja alipiga mipira yake taratibu, akingoja kwa subira kila alipopita mtu mbele yake. Binti yangu alimwuliza mjombake tiketi hukatwa wapi. Mjomba akacheka, akampa fimbo.

Nakiri kwamba nilicheza vibaya. Mkono ulikuwa mzito, nami nikawa nikitazama nyuma kila mara kana kwamba kuna mtu atakuja kuniuliza kibali. Hakuja mtu. Binti yangu aliutia mpira shimoni kwa mapigo tisa, akapiga kelele za furaha hadi waliolala wakainua vichwa.

Siku ya tatu tulipanda basi kwenda Musselburgh, mji mdogo wa pwani mashariki ya Edinburgh. Uwanja wake wa zamani una mashimo 9, nao umo ndani ya mzunguko wa mbio za farasi, hata mchezaji hulazimika wakati mwingine kuupitisha mpira juu ya uzio wa farasi. Uwanja huu ni wa umma, na yeyote anayelipa ada ya siku hucheza. Kumbukumbu za maandishi zaonyesha kuwa gofu ilichezwa hapo mwaka 1672, na baina ya miaka 1874 na 1889 mashindano makubwa ya Open yalifanyika hapo mara sita. Waweza kukodi fimbo zenye mpini wa mti, kama zilizotumiwa na watu wa kale. Nilizikodi. Ni ngumu kuzitumia, kwani hazisamehi kosa hata dogo, lakini mpira ukigongwa sawasawa mkono husikia raha isiyo na mfano.

Ila lililonigusa zaidi Musselburgh halikuwa fimbo, bali habari ya wanawake wachuuzi wa samaki. Wanawake hao walibeba samaki mgongoni katika vikapu, wakavipeleka mjini kuuza, na katika saa zao za mapumziko walicheza gofu. Mnamo Disemba 1810 wanachama wa klabu ya hapo waliamua kutoa zawadi kwa mchezaji bora miongoni mwao, na shindano likapangwa siku ya mwaka mpya wa 1811. Zawadi yenyewe ilikuwa kikapu kipya cha samaki na shali. Hilo ni miongoni mwa mashindano ya kwanza ya gofu ya wanawake yanayojulikana katika maandishi. Niliwakumbuka mama zetu wa sokoni, wanaouza samaki wa kukaanga tangu asubuhi hadi jua likuche, na nikajiuliza: ni uwanja gani leo ungewafungulia mlango wakiwa na vikapu vyao?

Kutoka hapo tulifunga safari ya St Andrews. Gari moshi huvuka daraja kuu la chuma la Forth, lililofunguliwa mwaka 1890, likashuka hadi kituo cha Leuchars, na kutoka Leuchars mtu huchukua basi, kwani mji wenyewe hauna kituo cha reli. Ni mji mdogo wa mawe, wenye chuo kikuu cha kale na magofu ya kanisa kuu, na upepo wake wa bahari uliufanya mtandio wangu upepee kama tanga la jahazi.

Wacheza gofu duniani kote huutaja mji huu kwa heshima. Una viwanja saba, na ulio maarufu zaidi ni ule uitwao Old Course. Wengi wetu hudhani kuwa uwanja huo ni mali ya klabu kubwa yenye jumba la mawe linaloonekana katika kila picha. Sivyo. Viwanja vyote saba ni vya umma, vinaendeshwa na bodi ya amana iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1974, na klabu zote za mjini, kubwa na ndogo, huja kucheza kama wageni wa ardhi ile ile.

Historia yake yafaa kusimuliwa. Ardhi ile ya mchanga, kati ya bahari na mashamba, haikufaa kwa kilimo. Mwaka 1552 askofu mkuu John Hamilton alitia sahihi hati iliyothibitisha kwamba wenyeji wana haki ya kulisha mifugo yao hapo na kucheza gofu na mpira, naye akajibakizia haki ya kufuga sungura. Mnamo 1797 baraza la mji, likiwa limelemewa na madeni, liliitoa ardhi hiyo, na baadaye ikaangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa sungura. Sungura wakazaana, wakachimba, uwanja ukaharibika. Wenyeji hawakukubali. Walishtaki, wakagombana, wakaendelea kushtaki, na mvutano ukadumu kwa zaidi ya miaka 20, mpaka mwaka 1821 mwenye mashamba mmoja aliyependa gofu, James Cheape, aliponunua ardhi hiyo na kuiokoa. Mwaka 1894 mji wenyewe uliirejesha mikononi mwake kwa sheria ya Bunge.

Tusidhani hata hivyo kwamba cha umma ni cha bure. Mgeni anayetaka kucheza Old Course hulipa fedha nyingi, tena nafasi nyingi hutolewa kwa kura inayopigwa siku mbili kabla. Mkaazi wa mji hulipa ada ndogo ya mwaka. Mimi sikuwa na fedha hizo, na sikuona haya kukiri. Nilicheza katika uwanja wa Balgove, wa mashimo 9, uliotengwa kwa wanaojifunza na kwa watoto, kwa bei ambayo mfuko wangu uliimudu. Nyuma yetu walikuwa baba na wanawe wawili, mbele yetu mabibi wanne wenye mvi wakizungumza bila kukoma. Tulipochelewa walitungoja, walipochelewa tuliwangoja. Huko Juni jua huzama saa nne za usiku, basi baada ya sala ya Alasiri bado mtu ana muda wa kucheza mashimo yote na kurudi nyumbani kwa Magharibi. Tulitandika mkeka wetu kando ya mchanga, tukaelekea kusini mashariki, sisi tuliozoea kuelekea kaskazini, na hakuna aliyetubughudhi.

Jumamosi alasiri nilimpeleka binti yangu mahali paitwapo Himalayas. Ni uwanda wa nyasi fupi wenye vilima na mabonde madogo madogo, ambapo mtu hausukumi mpira mbali, bali huuviringisha tu hadi shimoni. Ni uwanja wa chama cha wanawake kilichoanzishwa mwaka 1867, wakati ambapo adabu za zama zile hazikumwachia mwanamke kuinua fimbo juu ya bega lake. Walipewa kipande cha ardhi kilichojaa matuta. Wao wakakifanya mahali panapopendwa kuliko pote mjini. Chama hicho kingaliko hadi leo, na wapitaji nao hukaribishwa kwa ada ndogo. Klabu kubwa yenye jumba la mawe ilipiga kura ya kuwakubali wanawake kuwa wanachama mwaka 2014, miaka 147 baada ya wale mabibi kuanza. Ama kweli, mstahimilivu hula mbivu.

Kisha ikaja Jumapili. Siku hiyo Old Course hufungwa kwa wachezaji, isipokuwa wakati wa mashindano makubwa, na hufunguliwa kwa watu wote kutembea. Desturi hii ni ya zamani. Tom Morris, aliyekuwa mtunzaji wa uwanja huo katika karne ya 19, anakumbukwa kwa kushikilia kwamba hata nyasi zahitaji mapumziko. Tuliingia bila kuulizwa kitu. Hakuna lango la kuingilia. Njia ya kawaida ya mji hukatiza shimo la kwanza na la mwisho, na hata siku za mchezo watu huipita wakielekea baharini, nao wachezaji mashuhuri husimama kuwapisha.

Tulitembea hadi mwisho wa uwanja na kurudi. Binti yangu alikimbia katika zile nyanda kubwa za nyasi fupi, ambazo nyingi hubeba mashimo mawili kwa pamoja, la 2 na la 16, la 3 na la 15, na kuendelea, kila jozi ikijumlishwa hufanya 18. Alizijumlisha zote, akaridhika. Tulipofika kwenye daraja dogo la mawe la Swilcan, aliniuliza, "Mama, hapa ni pa nani?" Bibi mmoja aliyekuwa akipita na wajukuu wake aliona mtoto akinyosha kidole na kushangaa. Akauliza anasema nini, nami nikamfasiria. Akajibu kwa upole, "Mwambie ni petu. Na leo ni pake pia."

Mfukoni nilikuwa na mpira mmoja wa zamani wa babangu, uliobadilika rangi ukawa kama karafuu kavu. Nilikuwa nimenuia kuupiga mahali fulani katika safari ile. Jumapili ile hakukuwa na kupiga, kwa hivyo niliushika tu mkononi na kutembea nao shimo baada ya shimo, nikimsomea babangu Fatiha. Mzee wangu hakuwahi kutembea katikati ya uwanja bila mzigo wa mtu begani.

Ndugu wasomaji, sikuyaandika haya ili tuionee wivu nchi ya watu, wala siwaombi nyote mshike fimbo za gofu. Nimerudi Mombasa na ninaona tulicho nacho. Siku za Idi watoto wetu bado hupanda pembea za Makadara. Jioni familia bado huketi Mama Ngina, wakila mihogo ya kukaanga kwa ndimu na pilipili na kunywa madafu, huku meli zikipita mbele yao. Hizo ni neema, tena kubwa. Lakini kile kiwanja cha mtaani kwetu nilichochezea utotoni leo kimezungushiwa ukuta. Siku ukuta ulipoanza kujengwa tulilalamika kwa wiki mbili, tukaambiwa kuna hatimiliki, tukanyamaza. Watu wa St Andrews waliambiwa vivyo hivyo, nao wakaendelea kusema kwa miaka zaidi ya 20. Tofauti yetu na wao si utajiri, maana mji wao ulikuwa umefilisika. Tofauti ni kwamba wao hawakuchoka.

Nasi hatukosi mfano wa kufuata, kwani wazee wetu walitufundisha wakfu: kuitoa mali kwa manufaa ya wote na kuilinda isiuzwe wala isirithiwe. Visima tulivyonywea na misikiti tunayosalia imesimama kwa msingi huo. Kiwanja cha watoto kuchezea, na mahali pa mama kupunga upepo na wanawe, kwa nini visilindwe kwa ari ile ile? Yeyote kati yetu anayekijua kiwanja kilichobaki mtaani kwake, na akiulize leo ni cha nani, kabla hajajibiwa na ukuta.

Mpira wa babangu nimempa binti yangu. Ameniuliza ataupiga wapi. Twamwomba Mwenyezi Mungu atuwezeshe kumpatia jibu.