Likizo Kubwa na Chungu Kidogo

Siku ya kutoa bulletini ni siku ya furaha. Hapa Goma shule hufungwa mwanzo wa mwezi wa Julai, na watoto hawarudi darasani mpaka mwanzo wa Septemba. Mwaka wa 2022, nilipokwisha kuwagawia watoto wa mwaka wa nne bulletini zao, wote walikimbia nje wakipiga kelele, isipokuwa mmoja. Alisimama mlangoni na mfuko wake wa madaftari, akaniuliza: «Madamu, mutafungua siku gani?» Nikamtajia siku. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akapotea, akaanza tena. Mimi nikafurahi rohoni. Kumbe, ninaye mwanafunzi apendaye shule namna hii!

Jioni nikamsifu mbele ya mama yake, maana sisi ni majirani katika Mabanga Kusini, ukuta wa mbao tu ndio unaotutenga. Mama yule hakucheka. Akaniambia: «Madamu, si shule anayoipenda. Akiwa shuleni anasahau njaa. Akiwa nyumbani anaisikia tangu asubuhi.»

Wasomaji wapendwa, usiku ule sikulala vizuri. Mimi ni mwalimu wa miaka mingi, na sikuwa nimefikiri jambo hili hata siku moja.

Shule yetu haina jiko, wala shule nyingi za mji huu hazina. Lakini shule ina kengele. Mtoto anaondoka mapema, anaimba, anaandika, anagombana na mwenzake. Saa ya mapumziko rafiki anamkatia nusu ya mandazi. Akirudi nyumbani saa saba, analala kidogo, anakwenda kuteka maji, na jua likishuka mama anarudi na unga wa bugali, labda na sambaza wa franka chache. (Samaki hawa wadogo si wenyeji wa ziwa Kivu, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, nao wamelisha watoto wengi kuliko sisi walimu.) Hivyo siku inapita kwa mlo mmoja, na mtoto haoni sana urefu wake. Njaa ya likizo haina kengele. Mtoto anakaa mlangoni kutoka asubuhi, anatazama barabara ambayo mama atarudia, na mama amekwenda Petite Barrière kubeba mizigo ya wengine kuvuka mpaka wa Gisenyi. Hawezi kurudi kabla ya saa kumi na mbili, hata mtoto akitazama namna gani.

Tena miezi hiyo ni kiangazi. Mvua haijazi mapipa, na kila bidoni ya maji inanunuliwa kwa fedha ya chakula. Juu ya hayo Septemba inakaribia na madai yake: sare, madaftari, viatu, na kwa watoto wakubwa malipo ya shule ya sekondari. Ni kweli kwamba Katiba yetu ya mwaka 2006 ilisema shule ya msingi ni bure, na tangu Septemba 2019 serikali ilianza kulitekeleza neno hilo. Niliona kwa macho yangu benchi la watoto watatu likikaliwa na watano. Lakini daftari halikuwa bure, na shati jeupe halikuwa bure. Basi mama wa Mabanga huanza kuweka akiba Julai ili mtoto asome Septemba, na akiba hiyo haitoki mahali pengine ila chunguni. Mtoto anafunga tumbo ili apate sare. Wale wa vijijini wana shamba la kukimbilia. Sisi mji wetu umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, yale ya mwaka 1977 na yale ya 2002. Mama jirani yangu amepanda lengalenga katika magunia mawili ya udongo alioununua, na hilo ndilo shamba lake lote.

Nilikumbuka pia jambo la ujana wangu. Zaidi ya miaka kumi iliyopita nilifundisha huko Masisi, katika shule iliyokuwa ikipokea vyakula vya PAM, lile shirika la Umoja wa Mataifa. Wazazi walipika kwa zamu: unga wa mahindi, mbaazi za manjano, mafuta na chumvi. Jumatatu ya kwanza ya likizo nilipita karibu na shule, nikakuta watoto kama ishirini wamekaa chini ya ukuta wa jiko, kila mmoja na sahani yake. Hakuna aliyewaambia waje. Nikawaambia kwa sauti ya ukali kidogo: «Hamjui kwamba ni likizo?» Wakaondoka polepole. Ukali ule naujutia hata leo.

Basi mwaka ule wa 2022 nikawaita akina mama wa jirani, tukawa kumi na wanne. Tukakubaliana kupika uji katika kiwanja changu kila Jumatano na Jumamosi. Kila mama alitoa alichoweza: huyu kopo la unga, yule makala, mwingine sukari katika karatasi. Watoto wakaja kwa wingi. Uji ukawa mzuri, nasi tukajisifu. Baada ya wiki mbili nikaangalia vizuri nyuso zao, nikaona kwamba mtoto aliyeniuliza siku ya kufungua hakuja hata mara moja, wala dada yake mdogo. Nikamwuliza mama yake kupitia nyufa za mbao. Akanijibu kwa sauti ndogo: «Madamu, wewe wasema ni watoto wanakula. Lakini mtaa unasema ni mimi nimeshindwa kulisha.»

Nikanyamaza. Uji ule ulikuwa kwa ajili ya wanawe, na wanawe peke yao hawakuuonja.

Mwaka uliofuata tukafanya namna nyingine. Tukasema: tusipike tena pamoja, bali tugawane chakula kibichi, kila mama apike nyumbani kwake mlango ukiwa umefungwa, na hakuna atakayejua nani amepewa na nani ametoa. Tukaanza mapema, mwezi wa Februari, kila mama akileta kikombe kimoja cha maharage kwa wiki. Mimi nikawa mtunzaji, kwa sababu nina kalamu. Nikaandika vikombe vyote kwa unadhifu katika daftari. Ole wangu! Niliandika lakini sikupepeta. Julai tulipofungua gunia, fukusi walikuwa wamekwisha kula kabla yetu. Yale maharage yalikuwa na matundu kama flimbi, na unga wake ukatuingia puani. Mama mzee mmoja, bibi wa wajukuu sita, akanitazama, akasema: «Mwalimu ameandika vizuri sana chakula cha wadudu.» Wote wakacheka, na mimi nikacheka, lakini jicho langu moja lilikuwa na maji.

Ndipo mzee yule akatufundisha jambo ambalo kila mkulima analijua. Maharage hushuka bei Juni na Julai, mavuno yanapoingia kutoka Masisi na Rutshuru. Basi wekeni fedha, akasema, kama likelemba yoyote, mununue gunia siku ile ile ya kugawa. Tukafanya hivyo kuanzia Septemba 2023: franka 500 kwa wiki, katika sanduku lenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili. Julai 2024 tukanunua gunia la kilo 100 katika soko la Virunga, likaletwa na kijana wa chukudu. Kila nyumba ilipata kama kilo saba. Nusu tuligawa Julai, nusu tukaiacha mpaka katikati ya Agosti, wakati fedha zote zinapokwenda kwenye sare. Kilo saba si kitu cha kujivunia. Nyumba ya watu saba itazila siku kumi na mbili, tena ikipika kwa adabu. Lakini safari hii jirani yangu alikuja yeye mwenyewe na kopo lake, kwa sababu alikuwa ametoa franka zake kama sisi sote.

Mwezi ule ule dada yangu mdogo akanipigia simu. Yeye alikaa miaka mingi kambini Uganda, kisha akapelekwa Marekani, akapata nyumba katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky. Anafanya kazi usiku. Akaniambia amepokea kadi kutoka serikalini, yenye dola 120 kwa kila mtoto wake anayesoma, dola 40 kwa kila mwezi wa likizo. Ana watoto watatu. Kadi hiyo hainunui kitu kingine ila chakula.

Nilimwuliza mambo mengi, maana nilistaajabu. Kumbe Wamarekani nao walipita njia yetu. Sheria yao ya chakula cha shuleni ni ya mwaka 1946. Likizo ikaleta taabu ile ile, basi tangu mwaka 1968 wakaanza kuweka mahali pa kulia watoto wakati wa kiangazi. Watoto wengi hawakufika: pengine palikuwa mbali, pengine mama alikuwa kazini, na nadhani wengine walikuwa na ukuta wa mbao kama jirani yangu. Mwaka 2011 wakaanza kujaribu kadi, mwisho wa 2022 wakaitungia sheria, na kiangazi cha 2024 ikaanza kutolewa. Si kila mahali, lakini. Majimbo kadhaa yalikataa mwaka ule, Texas na Iowa yakiwamo, ingawa watoto wa huko nao wana matumbo. Rafiki wa dada yangu, waliyekaa naye kambi moja, alipelekwa Iowa. Yeye hakupata kadi yo yote.

Nikawasimulia akina mama habari hii siku ya sanduku. Yule mzee akauliza: «Nani aliwaambia watu wale kwamba mtoto hula hata shule ikifungwa?» Mwingine akajibu kwamba bila shaka alikuwa mama. Kisha tukapiga hesabu. Wakati ule dola moja ilikuwa kama franka 2,800; dola 120 za mtoto mmoja zilikuwa karibu sawa na fedha yote ya sanduku letu, ya nyumba kumi na nne kwa mwaka mzima. Hakuna aliyesema neno kwa muda kidogo. Sikuona wivu. Niliona kwamba jambo ambalo sisi tulidhani ni aibu ya nyumba moja moja, pengine limeandikwa katika vitabu vya serikali na kuwekewa bajeti.

Likaja lile la Januari 2025. Vita sitavisimulia; wengi wamesimulia, na wengine wameondoka bila kusimulia. Mwisho wa mwezi ule M23 waliuchukua mji. Maji na umeme vilikatika, mabenki yakafunga milango, na fedha ikawa haba mikononi. Katika wiki ya kwanza ya Februari tulifungua kufuli zote mbili, tukanunua unga kwa bei yo yote tuliyotajiwa. Hatukubishana. Mama mmoja tu aliuliza: «Na Julai?» Hakuna aliyemjibu.

Julai ikafika, na sanduku lilikuwa na franka chache tulizoweza kurudisha. Tarehe 1 ya mwezi ule serikali ya Marekani ilifunga shirika lake la USAID, ambalo fedha zake zilikuwa zimelipia sehemu kubwa ya vyakula vya PAM katika nchi yetu. Kiangazi kile kile dada yangu alipokea tena kadi ya watoto wake. Ni serikali moja. Mkono mmoja umetoa, mwingine umekunjwa. Sijui kuyapatanisha mambo hayo mawili, na sitajaribu hapa.

Lakini dada yangu alifanya hesabu yake ya kike. Fedha ya kadi haiwezi kutumwa. Basi alinunulia wanawe chakula kwa kadi, na katika mshahara wake wa usiku ikabaki nafasi. Akatutumia dola 50 kwa simu. Wakala akakata sehemu yake, tena kubwa, kwa sababu noti zilikuwa chache mjini. Kilichobaki, pamoja na franka za sandukuni, kilitupatia zaidi ya nusu ya gunia. Hatukugawa mara mbili mwaka ule. Tulingoja mpaka Agosti, tukagawa yote siku moja.

Jirani yangu alipokea kopo zake jioni. Mtoto wake yule alikuwa sasa kijana wa shule ya sekondari, naye ndiye aliyebeba. Dada yake mdogo, aliyekuwa amemaliza mwaka wa nne darasani mwangu, alifuata nyuma akiokota punje zilizoanguka katikati ya mawe. Usiku nilisikia harufu ya maharage ikipita kwenye mbao, na baadaye kicheko.

Septemba shule ilipofunguliwa, mama yule alinirudishia kopo langu, amelisugua kwa majivu mpaka likang'aa. Kwetu kopo halirudi tupu. Ndani yake aliweka chumvi kidogo, ameifunga katika karatasi ya daftari. Nilipoikunjua nikaona ni hesabu za binti yake, za darasa langu, zenye kalamu yangu nyekundu. Nikazisoma nikiwa nimesimama. Moja nilikuwa nimeitia kosa, nayo ilikuwa sawa.