Nesi Ughaibuni, Sehemu ya 9: Wamefunga Shule kwa Sababu ya Jua



Sehemu ya 8 niliwaahidi kuwasimulia kuhusu joto la Uingereza. Wengi mlicheka. Mmoja kaniuliza, "Nesi, Uingereza kuna joto au umekumbuka nyumbani?" Tulieni. Na mimi nilicheka, tena kwa sauti, na leo nawaeleza kicheko kile nusura kiniponze vipi.

Kwanza muelewe taarifa za habari za huku zilivyo. Mji ninaokaa uko katikati ya Uingereza, mbali na bahari. Nilipofika mwaka 2019 nikitokea Tanga, nilikuwa nikitoka zamu naangalia habari ili masikio yazoee Kiingereza chao. Siku moja mtangazaji kakunja uso kama anatangaza msiba: treni zimechelewa kwa sababu majani ya miti yameanguka kwenye reli. Majani! Nikampigia mama simu usiku uleule. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani hawana mtu mwenye ufagio?"

Tukacheka mpaka vocha ikaisha.

Baada ya hapo ikawa ndiyo burudani yetu. Kila wiki nampelekea mama habari za Wazungu. Theluji imeanguka ya kufika kifundo cha mguu, shule zimefungwa. Mama: "Barafu ya kwenye friji ndiyo inafunga shule?" Siku ya kuchukua mapipa ya taka imehamishwa kutoka Jumanne kwenda Alhamisi, mtaa mzima hauzungumzi kitu kingine. Mama: "Wana raha hao." Mimi nazituma, mama anatoa maoni, na ndugu zangu kwenye group la WhatsApp la ukoo wanamalizia.

Lile la majani nilikuja kuelezwa na mgonjwa wangu mmoja, dereva wa treni mstaafu. Aliniambia majani yakisagwa na magurudumu yanakuwa utando wa kuteleza kama ganda la ndizi, dereva anakanyaga breki na treni inaendelea kwenda. Nikamwambia pole, nikampa dawa zake, nikaondoka. Ningekuwa na akili ningejifunza hapohapo.

Haya, tuje Julai 2022. Nilikuwa kwenye likizo ya uzazi, mwanangu wa kwanza ana miezi mitano. Ijumaa tarehe 15, idara yao ya hali ya hewa, Met Office, ikatoa tahadhari nyekundu ya joto kali kwa Jumatatu na Jumanne. Ilikuwa mara ya kwanza kabisa kutoa tahadhari ya rangi hiyo kwa ajili ya joto. Wakasema nyuzi zinaweza kufika 40. Treni zitakwenda polepole, watu wasisafiri bila sababu ya lazima. Shule nyingine zikatangaza kufunga. Halafu ikafuata orodha ya maelekezo: fungeni madirisha mchana, fungeni mapazia upande wa jua, msifunike vigari vya watoto kwa kitambaa.

Mwee! Kwenye joto mtu afunge dirisha? Nikapiga picha ile orodha, nikaituma kwenye group nikaandika: "Wamefunga shule kwa sababu ya jua. Sisi hapo ndiyo kwanza tunaanika dagaa." Vicheko vikajaa simu. Mjomba akaandika waletwe Tanga mwezi wa pili wapate semina.

Jumatatu mume wangu akaenda kazini, nikabaki na mtoto. Nikafanya kama nilivyolelewa: madirisha yote wazi, mlango wa nyuma wazi, hewa iingie. Kufika saa sita mchana nyumba ilikuwa kama jiko la mkaa lililofunikwa. Nina kile kipima joto cha chumba cha mtoto, chenye umbo la yai, kinachobadilika rangi. Chumba cha mtoto mchanga huku wanashauri kiwe nyuzi 16 mpaka 20. Yai lilikuwa jekundu, linasoma 33. Nikajisemea, yai limeiva. Nilikuwa bado nafanya mzaha, jamani.

Sasa tuongee kuhusu nyumba. Nyumba yetu ya Tanga ina matundu juu ya ukuta, mlango wa mbele unatazamana na wa uani, kuna mwarobaini nyuma, na jioni upepo wa bahari unapita bila kubisha hodi. Jua likizama saa kumi na mbili na nusu, mwili unapumzika. Nyumba za huku zina kuta mbilimbili za matofali zilizojazwa sufi katikati, vioo viwili kila dirisha, zulia ukuta kwa ukuta. Zimejengwa ili joto likiingia lisitoke, maana adui yao ni Januari. Kiyoyozi nyumbani ni wachache sana wenye nacho. Na mwezi wa Julai jua linachomoza karibu saa kumi na moja alfajiri, linazama saa tatu usiku. Hesabu mwenyewe ni saa ngapi za kuokwa. Na hewa ya nje ikishakuwa ya moto kuliko ya ndani, ukifungua dirisha unakaribisha moto ndani kwako. Hilo la dirisha wala halikuwa ajabu ya Wazungu, ni hesabu tu, na mimi sikuipiga.

Saa nane mchana nikaona afadhali nitoke, niende duka kubwa lenye ubaridi. Nikamlaza mwanangu kwenye kigari, jua kali, nikachukua leso yangu, nikafunika kigari chote vizuri nisimwunguze. Nikaona nimefanya la maana. Mtoto alikuwa amelala fofofo tangu saa tano. Nikasema afadhali, leo hasumbui.

Nyumba ya tatu anakaa bibi mmoja wa miaka zaidi ya 80. Miaka mitatu tulikuwa tunasalimiana kwa hali ya hewa tu, maana huku ndiyo "shikamoo" yao: leo kuna mvua, ndiyo kuna mvua, haya kwaheri. Siku ile alikuwa kibarazani kwake kama ananisubiri. Akanisimamisha. Akaniomba ruhusa, akainua pindo la leso, akaingiza mkono ndani ya kigari. Akaniangalia. Akasema taratibu, "Mpenzi wangu, humu ndani ni kama oveni."

Niseme ukweli mbele yenu: nilikasirika. Mimi ni nesi wa miaka 11. Nimezaliwa kwenye joto. Huyu bibi wa Kizungu ananifundisha nini kuhusu jua? Nikaingiza mkono wangu ili nimwoneshe kwamba amekosea.

Alikuwa hajakosea.

Nikagusa kifua cha mwanangu. Moto, mkavu. Nikamwita, akafungua macho nusu, akayafunga. Ndipo akili ya unesi ikarudi, na swali la kwanza lililonijia ni lile ninaloulizaga wamama wa watu kila siku: amekojoa mara ya mwisho saa ngapi? Saa mbili asubuhi. Saa sita na nusu zilizopita. Sikuwa nimehesabu.

Bibi hakusema neno lingine. Akafungua mlango wake. Sebuleni kwake giza, mapazia yamefungwa tangu asubuhi, harufu ya zulia la zamani, na wallahi kulikuwa na ubaridi kuliko kwangu. Baadaye aliniambia alijifunza hivyo kiangazi cha mwaka 1976, ambacho wazee wa huku wanakikumbuka kwa joto na ukame, naye alikuwa na mtoto mchanga. Nikamvua mwanangu nguo akabaki na nepi, nikampangusa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, nikamweka titi. Akalikataa. Nikajaribu tena. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, mimi ninayewashika mikono wengine.

Nikapiga 111, namba yao ya ushauri wa afya. Dada wa upande wa pili akaanza maswali. Anaamka ukimwita? Utosi umebonyea? Mdomo umekauka? Akilia, machozi yanatoka? Maswali yote nayajua kwa moyo. Siku ile nilikuwa upande wa kuyajibu. Akaniambia niendelee kumnyonyesha kidogokidogo kila baada ya dakika chache, na akizidi kuwa mzito kuamka, au saa kumi na mbili ifike hajakojoa, nisisubiri, niende dharura.

Mara ya nne akanyonya. Kidogo, kisha kidogo tena, kisha kwa hasira kabisa kama mwenye kunidai. Saa kumi na moja kasoro nikashika nepi, imeloa. Jamani, nimepata vyeti, nimepata visa, nimepata mume. Sijawahi kufurahia kitu kama nepi ile. Nililia kwenye kochi la bibi wa watu, naye akaniletea chai. Chai ya moto! Siku ya nyuzi 37! Hapo sasa nikacheka, naye akacheka, na ile ikawa salamu yetu ya kwanza isiyohusu hali ya hewa. Au tuseme ilihusu, lakini mnanielewa.

Siku hiyohiyo ya Jumatatu, uwanja wa ndege wa Luton ulisimamisha safari kwa sababu sehemu ya njia ya kurukia iliumuka kwa joto. Kesho yake, tarehe 19, kijiji cha Coningsby kikaandika nyuzi 40.3, rekodi ya Uingereza nzima mpaka leo. Reli zao zimekazwa kwa kukadiria chuma chenye nyuzi 27, ndiyo maana treni ziliambiwa zitambae. Na mamlaka yao ya afya ilipokuja kuhesabu, vipindi vitano vya joto vya kiangazi kile viliondoka na wazee wa miaka 65 na zaidi wapatao 2,800 juu ya idadi iliyotarajiwa. Hao ndio niliowaandikia kichekesho cha dagaa.

Tangu siku ile nimejiwekea kanuni. Habari ya ugenini ikinichekesha, najiuliza: mahali hapa hapakujengwa kwa ajili ya nini? Mara nyingi jibu liko humo kwenye kichekesho. Na mimi siishi tena kwenye nyumba ya mama yangu. Naishi kwenye nyumba ile ya sufi na vioo viwili, kwa hiyo tangazo lile lilikuwa langu mimi kabla halijawa la bibi jirani.

Sasa mlioko nyumbani msijione mmepona. Likizo iliyopita nilipita kliniki moja ya watoto, mwezi wa pili, jua la kupasua kichwa. Vichanga vimevishwa sweta, kofia ya sufi, soksi, juu yake mashali mawili, halafu bajaji. Nikiuliza, naambiwa "baridi itamwingia." Mama yangu, baridi ipi?

Shikeni haya machache:

Joto la mtoto lipime kifuani au nyuma ya shingo. Mikono na miguu inadanganya, inaweza kuwa ya baridi huku mwili unaungua.

Usifunike kigari wala kapu la mtoto kwa leso, hata nyepesi. Kivuli kitoke kwenye mwavuli, hewa ipite.

Mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya tu, siku ya joto mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Maji bado, maziwa yako yana maji ya kutosha.

Hesabu nepi. Na mtoto anayelala sana siku ya joto kali usimshangilie kama nilivyomshangilia wangu. Mwamshe, mnyonyeshe. Akiwa mzito kuamka, hataki kunyonya, utosi umebonyea, halii machozi, hakojoi: hospitali, na wifi atapiga simu mkiwa njiani.

Nimalizie na hili. Mei 2024, kimbunga Hidaya kikiwa kinaelekea pwani yetu, TMA ilitoa tahadhari na boti za Dar na Unguja zikasimamishwa. Kaka yangu ni mvuvi. Nikapiga simu Tanga, mama akanicheka: "Kimbunga gani? Hapa jua linawaka, nimeanika nguo. Wazungu wamekuharibu." Safari hii sikucheka naye. Nikamwambia, mama, usimruhusu mtu kwenda baharini. Akaguna, lakini kaka akalala nyumbani. Kimbunga kilitua Mafia, kusini huko Lindi na Mtwara mafuriko yakakata barabara. Tanga kwa upande wetu haikuwa kitu.

Mpaka leo kaka ananidai samaki wa siku ile. Nimemwambia nitamlipa, na alipiga deni hilo kwa furaha kubwa.

Sehemu ya 10, Mungu akipenda, nitawasimulia siku mama alipokuja kunitembelea akaona mbwa amevalishwa koti la mvua. Busuni watoto. Na wavueni hayo masweta.