Mafuta Yazaliwayo na Jua

Juu ya paa la maabara mjini Bologna, Italia, palianikwa chupa nyingi za kioo, kama karafuu juu ya jamvi. Mwenye chupa hizo ni Giacomo Ciamician, mwanakemia aliyezaliwa Trieste mwaka 1857. Yeye na msaidizi wake Mjerumani, Paul Silber, wakizijaza kemikali mbalimbali, wakizikabidhi kwa jua, kisha wakisubiri waone mwanga umegeuza nini.

Septemba 1912 Ciamician alisimama New York mbele ya wanakemia wenzake, akawakumbusha kwamba makaa ya mawe ni akiba, na akiba haikosi mwisho. Akawatajia siku ambapo nchi kame zitakuwa na viwanda visivyo na moshi, na binadamu atalijua lile ambalo jani lalijua tangu kale: kulishika jua na kuliweka. Haukupita muda, vita vikuu vikaivuruga Ulaya. Ciamician akafariki mwaka 1922, na dunia ikaelekea kwenye visima vya mafuta.

Fikra yake haikufa naye. Mwaka 1972, Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walitangaza kwamba oksidi ya titani, ikiangaziwa majini, yaweza kuyatenganisha maji yakatoa haidrojeni na oksijeni. Baadaye, huko Móstoles, karibu na Madrid, watafiti walisimamisha mnara na kuuwekea vioo 169, vyote vikiutupia jua lao mahali pamoja. Tanurini mna oksidi ya seri. Ikipashwa hadi nyuzijoto 1,500 hivi, huachia sehemu ya oksijeni yake. Ikipoa kiasi, hupulizwa mvuke wa maji na kaboni dioksidi, nayo, kwa kiu iliyo nayo, huinyang'anya oksijeni iliyomo. Zinazosalia ni haidrojeni na kaboni monoksidi, na hizo ndizo huungwa zikawa mafuta.

Na mafuta gani? Ni ya jamii ya mafuta ya taa: ndugu wa yale yaliyowasha vibatari vya mwambao, ndiyo pia yarushayo ndege. Yakiungua hurudisha hewani kaboni, lakini ikiwa kaboni hiyo ilichotwa hewani, deni huwa limelipwa kabla ya kukopwa.

Hata hivyo, matokeo ya mnara huo yaliyochapishwa mwaka 2022 yafaa kusomwa kwa unyenyekevu. Katika kila sehemu 100 za nishati ya jua iliyoingia tanurini, zilizohifadhiwa katika gesi ni 4 na ushei tu. Nyingi ya zilizobaki zilipotea kama joto. Ndiyo maana mafuta haya yangali ghali, na bahari inapanda huku wataalamu wakihesabu.

Watu wa visiwani hawahitaji kufunzwa subira ya kuanika. Wanajua pia kwamba mwanikaji hulitazama jamvi kwa jicho moja, na kwa jicho la pili hulitazama wingu.