Deni la Bi Harusi

Nilipoliokota lile yai nilidhani mtu ananitania. Lilikuwa jeupe, lenye joto bado, lakini mkononi lililegea kama puto lililotiwa maji. Ukilibonyeza linabonyea, ukiliachia linarudi. Kaka halikuwapo kabisa, ila kile kingozi cha ndani tu ndicho kilichoshikilia ute na kiini visimwagike.

Hiyo ilikuwa Desemba 2021, kwetu Tanga, pale Ngamiani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwezi uliopita, nangoja matokeo, na kazi yangu kubwa ilikuwa kulala. Kazi ndogo ilikuwa bata. Tulikuwa nao wawili, dume na jike, na jike ndiye mwenye habari hii. Mdogo wangu, wakati huo ana miaka tisa, alimlea tangu kifaranga akampa jina la Bi Harusi, kwa vile alivyokuwa akitembea taratibu, akijitikisa, kama anayesindikizwa na watu. Akimwita, bata anakuja. Akikaa barazani, bata anapanda pajani. Kwa mdogo wangu yule hakuwa mfugo, alikuwa shoga yake.

Kila Jumamosi Mama alinipa shilingi 3,000 za chakula cha bata. Nikanunue kile cha kuku wa mayai, kilo mbili, na chenji nirudishe. Wiki za mwanzo nilifanya hivyo. Halafu, si unajua tena ujana, nikagundua kwamba pumba ya mpunga mashineni ni bei ya kutupa, na bata ukimmwagia pumba anakula vilevile, hasemi kitu. Pesa inayobaki ikawa vocha na chipsi. Nilijiambia bata ni bata, bibi zetu waliwafuga bila chakula cha dukani. Nikasahau kwamba bata wa bibi zetu walishinda nje wakichokoa konokono na wadudu. Bi Harusi mimi nilikuwa namfungia bandani kutwa, ati nisipate tabu ya kumtafuta jioni.

Basi lile yai tepetepe nililitupa jalalani, nikanyamaza. Siku mbili baadaye likaja jingine, lina ganda jembamba kama karatasi, likapasuka lenyewe. Nalo nikalifukia. Mama aliuliza, "Mbona bata siku hizi hatagi?" Nikajibu, "Labda anataka kunyonyoka." Uongo haukunipa kazi yoyote.

Wiki iliyofuata, alfajiri, nikasikia mdogo wangu analia uani. Bi Harusi alikuwa amechutama pembeni ya banda, mbawa zimelegea, mkia unapanda na kushuka, anajikamua na hakitoki kitu. Tulipomsimamisha, miguu ilimsaliti, akakaa tena. Jirani aliyechungulia ukutani akatoa shauri la haraka: "Mchinjeni angali hai, msije mkamla nyamafu." Mdogo wangu akamkumbatia bata, akamtazama Mama bila kusema.

Mama akanituma kwa bwana mifugo. Alikuja na baiskeli, mzee mtaratibu. Tukampa shikamoo, akaitikia, akapapasa tumbo la bata kwa vidole viwili. "Yai limekwama," alisema. "Na ni laini. Mtu asimkamue hapa. Likipasukia ndani, linaoza, tunampoteza." Kisha akauliza swali moja: "Anakula nini huyu?"

Mama alijibu kwa niaba yangu, tena kwa fahari: "Chakula cha kuku wa mayai, Dokta. Kila wiki tunanunua."

Bwana mifugo akakuna kidevu. "Kama anakula hicho na hali ni hii, basi tatizo si chakula. Huenda ni maradhi. Mimi nisingewashauri mpoteze pesa. Afadhali achinjwe, tumtazame na huyo dume."

Wallahi, nilitamani ardhi inimeze. Kumbe uongo wangu ndio uliokuwa unakwenda kushika kisu. Nikimtazama Mama siwezi, nikimtazama mdogo wangu ndiyo kabisa. Nikaliendea debe, nikalifunua mbele yao. "Ni pumba ya mpunga, Dokta. Miezi miwili sasa."

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Bwana mifugo ndiye aliyevunja ukimya: "Sasa nimeelewa. Leteni beseni na maji ya vuguvugu."

Tulimkalisha majini mpaka tumboni, kiasi cha nusu saa, mdogo wangu akimshika shingo na kumnong'oneza. Akachomwa sindano ya kalsiamu, akapakwa mafuta nyuma, tukamlaza kwenye kapu lenye nguo, pahali penye giza na joto. Wakati tunangoja, mzee yule alinipa somo ambalo sikuwahi kulipata darasani.

Ganda la yai, alisema, karibu lote ni chokaa. Kuku huchukua saa kama 20 kulijenga ganda moja, na bata naye ni kazi ya usiku kucha. Chokaa hiyo lazima itoke mahali. Isipokuwamo kwenye chakula, jike huitoa mifupani mwake mwenyewe. Ana akiba ndani ya mifupa yake, anakopa humo, yai kwa yai, na asiporudishiwa mifupa inadhoofu, na misuli inayosukuma yai inakosa nguvu. Chakula cha mayai kina kalsiamu asilimia 3 hadi 4. Pumba ina kidogo mno, tena imejaa fosforasi, ambayo ikizidi inaizuia hata hiyo kidogo isifanye kazi. Na bila jua mwili haupati vitamini D, kwa hiyo hata ukimlisha chokaa, haitasharabiwa vizuri.

"Huyu amekulipieni mayai kwa mifupa yake," alimaliza. Nilijua ni nani hasa aliyelipiwa.

Magharibi yai lilitoka, laini, zima. Bi Harusi akanywa maji.

Adhabu yangu Mama aliitoa kwa sauti ya chini: nitafute chokaa kwa miguu yangu. Fikiria, mji wenye kiwanda cha saruji, wenye Mapango ya Amboni yaliyochongwa na maji ndani ya mawe ya chokaa, na bata wangu anakufa kwa kukosa chokaa! Nikaenda Sahare maji yalipotoka, nikaokota makombe kikapu kizima, nikayaosha, nikayaanika, nikayatwanga kinuni. Vumbi nilipepeta, nikabakiza chenga. Bwana mifugo alisema chenga hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku, wakati ganda linapojengwa. Nikaziweka kwenye bakuli lake, mbali na chakula, jike ale kwa kiasi anachohitaji. Dume hatagi, na chokaa nyingi humdhuru figo. Maganda ya mayai ya jikoni nayo tuliyakausha, tukayaponda. Mchicha tukapunguza, maana nao hufungia kalsiamu isitumike. Na kila asubuhi mlango wa banda ukawa wazi.

Alipumzika kutaga siku kadhaa. Yai la kwanza lilikuja na ganda lenye chunguchungu. Kama wiki tatu baadaye Mama aliingia jikoni na yai mkononi, akaligonga mezani, ko! Akaliweka mbele yangu. Hakusema neno. Jumamosi akanipa shilingi 3,000, kama zamani.

Sasa miaka imepita na Bi Harusi ameatamia na kuangua. Lakini kila Jumamosi nikirudi dukani, mdogo wangu hulifunua debe, huchota chakula kiganjani, hukinusa, halafu hulifunika. Sijawahi kumwambia aache.